Pikapu ya Dizeli au Gari Dogo la Petroli: Hesabu ya Mafuta kwa Kilomita na kwa Mzigo

Mtu anayetafuta gari la kununua Tanzania hakosi kuambiwa na dalali, fundi au jirani kwamba dizeli haili mafuta. Kwa kauli hiyo wapo waliouza magari yao madogo ya IST, wakakopa SACCOS, wakachukua pikapu ya Hilux iliyotumika wakiamini kwamba tofauti itajirudisha kwenye pampu. Miezi michache baadaye bajeti ya mafuta imepanda na mkopo bado upo. Wapo pia waliokosea kwa upande wa pili: wakulima walioogopa ulaji wa pikapu, wakanunua gari dogo, na sasa kusafirisha mavuno yaleyale kunawagharimu mara tatu. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja. Tunapima lita, ilhali kinachopaswa kupimwa ni kazi ambayo lita hiyo imefanya.

Dizeli ipewe haki yake kwanza, maana sifa zake si za uongo. Lita ya dizeli ina uzito wa gramu 830 hadi 840 hivi, ya petroli gramu 740 hadi 750, na katika uzito huo wa ziada kuna nishati. Lita ya dizeli hubeba takriban megajuli 36, ya petroli 32. Kabla hata injini haijawashwa, mwenye dizeli ameondoka sheli na nishati zaidi kwa asilimia 12 hivi katika kila lita. Halafu kuna injini yenyewe. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani ambaye injini yake ilifaulu majaribio mjini Augsburg mwaka 1897, aliiachia hewa ibanwe mpaka ipate joto la kuwasha mafuta bila plagi. Injini ya petroli ya gari dogo hubana hewa mara 10 au 11; dizeli za sasa hubana mara 15 hadi 18. Kadiri mbano unavyokuwa mkubwa, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto inavyogeuka kuwa kazi badala ya kutokea kwenye ekzosi. Tena dereva anapoachia mguu, dizeli hupunguziwa mafuta tu na hewa ikaendelea kuingia. Petroli hulazimika kuvuta hewa kupitia njia iliyozibwa nusu, na jasho hilo la kuvuta hulipwa kwa mafuta. Kwa sababu hizo injini nzuri ya dizeli hugeuza hadi asilimia 40 hivi ya nishati kuwa nguvu, na petroli ya kawaida hubaki karibu na theluthi, nayo ni pale mambo yanapokuwa mazuri.

Kwa hiyo ukichukua gari moja, ukalifunga injini ya dizeli mahali pa petroli, litatumia lita pungufu kwa robo hivi. Ulaya walikuwa na nafasi ya kulijaribu jambo hili kila siku. Volkswagen Golf ya dizeli na ya petroli zilisimama pamoja dukani kwa miongo mingi, na mwenye safari ndefu alichukua ya dizeli kwa sababu hesabu ilimkubalia.

Sisi nafasi hiyo hatukuipata, na sababu yake iko Japani. Agosti 1999 Gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianzisha kampeni dhidi ya dizeli, akiwaonyesha watu chupa ya plastiki yenye masizi ya moshi wa magari. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ikaanza kuzuia malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza viwango vya moshi. Dizeli ikaharibika jina, na soko la magari madogo ya familia yenye injini hiyo likakauka. Magari ya kizazi kile yalipoanza kushuka kwenye bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yametumika, Vitz, IST, Passo na Raum, yalikuja na petroli. Hilux ilipita njia nyingine. Kizazi kilichoanza mwaka 2004 kiliundwa Thailand na Afrika Kusini kwa ajili ya nchi za barabara ngumu, na wengi wa wanunuzi wake walitaka dizeli. Ndivyo tulivyofika hapa: kwetu dizeli huja na mwili wa pikapu, petroli huja na mwili wa gari dogo, na mnunuzi anayedhani anachagua mafuta kwa kweli anachagua kati ya tani mbili na tani moja.

Na tani hizo ndizo zinazokula. IST ina uzito wa tani moja na kidogo. Hilux ya milango minne, tupu, inakaribia tani mbili. Kila unapoondoka kwenye taa za Ubungo, Dar es Salaam, unalipia mafuta ya kuupa mwili huo mwendo, na kila unapokanyaga breki unautupa mwendo huo kama joto kwenye diski. Kwenye foleni ya kusogea na kusimama kazi hiyo hurudiwa mamia ya mara kwa safari moja. Kwenye barabara kuu unakuja upepo. Pikapu ni ndefu kwenda juu, pana mbele, na bodi yake ya wazi nyuma huuvuruga upepo badala ya kuupitisha. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Anayetoka kilomita 80 kwa saa kwenda 120 anakabili upinzani zaidi ya mara mbili. Ongeza matairi mapana, chesesi ya chuma na difu nzito, ambazo zote zinazungushwa au kubebwa na lita ileile. Ubora wa injini ya dizeli unamezwa na mwili ambamo imefungwa.

Sasa tuingie kwenye tarakimu. Katika vipimo vya kiwandani vya Japani, IST ilipewa kati ya kilomita 16 na 18 kwa lita, lakini kipimo hicho cha zamani kilikuwa cha upole, nacho kimeshaachwa. Kwa matumizi ya kawaida ya Tanzania, mchanganyiko wa foleni na barabara kuu, kilomita 13 kwa lita ni makadirio ya haki kwa IST iliyotunzwa. Passo ya lita moja hufika 15 au zaidi. Hilux ya injini ya lita 2.4 au 2.5, ikiwa haina mzigo, hukaa karibu na 10. Zile za lita 3.0 huwa chini kidogo. Tuchukue bei ya shilingi 3,000 kwa lita, kwa petroli na dizeli sawasawa, ili mafuta yenyewe yasimpendelee yeyote. IST inatumia shilingi 231 kwa kilomita, Hilux shilingi 300. Mtu anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka atalipa takriban milioni 3.46 kwa IST na milioni 4.5 kwa Hilux. Zaidi ya milioni moja kila mwaka inatoka mfukoni kwa kuendesha bodi tupu.

Ili pikapu isawazishe, dizeli ingepaswa kuuzwa shilingi 2,300 hivi wakati petroli ni 3,000. Pengo la namna hiyo halipo. Bei kikomo zinazotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi zimekuwa zikiziweka petroli na dizeli karibu sana, na mara nyingine dizeli imepita juu. Oktoba 2023 jijini Dar es Salaam petroli ilikuwa shilingi 3,281 kwa lita na dizeli 3,448. Nchini Kenya, mamlaka ya nishati, EPRA, ilipotangaza bei za kuanzia katikati ya mwezi huohuo, petroli Nairobi ilikuwa shilingi 217.36 za Kenya na dizeli 205.47. Wakenya walikuwa na unafuu wa dizeli, ila ulikuwa wa asilimia 5 hivi, na tumeona kwamba pengo linalohitajika ni zaidi ya asilimia 20. Wazee wanaokumbuka dizeli kuwa mafuta ya bei ya chini wanakumbuka kitu cha kweli, ila soko limebadilika. Dizeli ndiyo inayosukuma malori, matrekta, migodi na jenereta za dunia nzima, na uchumi unapochangamka inagombaniwa. Baada ya vita vya Ukraine kuanza mwaka 2022, na Umoja wa Ulaya kuzuia bidhaa za mafuta za Urusi kuanzia Februari 2023, Ulaya iliyokuwa ikinywa dizeli ya Urusi ikaja kununua kwenye masoko yaleyale tunayonunua sisi.

Kodi nazo haziangalii ukubwa wa gari pale pampuni; zinahesabu lita. Mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Julai 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Naona utaratibu huu una haki ndani yake, kwa kuwa anayetembea sana ndiye anayechangia sana. Lakini maana yake kwa mwenye pikapu ni kwamba kila lita ya ulaji wa ziada imebeba kodi ya ziada. Na anayeishi mbali na bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara analipa pia nauli ya mafuta yenyewe. Mikoani Kagera na Kigoma lita ni ghali kwa mamia ya shilingi, hivyo pengo la hesabu yetu linatanuka zaidi huko.

Hadi hapa gari dogo limeshinda bila ubishi, na kwa mkazi wa mjini asiye na mzigo ushindi huo ni wa mwisho. Lakini Tanzania si lami ya Barabara ya Sam Nujoma pekee. Ipandishe IST yenye abiria watano na mabegi kwenye Kitonga, Iringa, uone. Injini ya lita 1.5 isiyo na turbo ina nguvu ya kuvuta ya nyutoni-mita 140 hivi, na huipata ikiwa imezungushwa zaidi ya mara 4,000 kwa dakika. Dereva hushuka gia ya pili, sindano inapanda, na mafuta yanakwenda. Hilux ya lita 2.4 yenye turbo hutoa kati ya 340 na 400, tena injini ikiwa imetulia chini ya mizunguko 2,000. Hewa nayo inazidi kuwa nyepesi kadiri unavyopanda. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, Njombe zaidi ya hapo, na injini isiyo na turbo hupoteza kiasi cha asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Turbo hurejesha hewa hiyo. Kwenye safari za nyanda za juu zenye gari lililojaa, pengo la kilomita kwa lita kati ya haya mawili linapungua sana, na kwenye udongo wa masika linaweza kugeuka kabisa, kwa sababu gari dogo linalozungusha matairi kwenye tope linachoma mafuta bila kusogea.

Mzigo ndio unaoamua. Chukua mkulima wa viazi wa Makete ambaye shamba lake liko kilomita 60 kutoka sokoni, mwenye magunia 10 ya kilo 100. Hilux inayabeba kwa safari moja: inakwenda imejaa kwa kilomita 8 kwa lita, inarudi tupu kwa kilomita 10, jumla lita 13.5, sawa na shilingi 40,500. IST iliyolazwa viti vya nyuma, ikibeba magunia matatu ambayo tayari ni mateso kwa springi zake, itahitaji safari nne, kwenda na kurudi, kilomita 480. Kwa wastani wa kilomita 11 kwa lita ni lita 43 na zaidi, shilingi 131,000, bila kutaja siku mbili za dereva na shokomzoba zitakazokufa njiani. Kwa kilomita pikapu ni ghali kwa asilimia 30. Kwa gunia, gari dogo ni ghali mara tatu. Mashine zilezile, bei ileile, na matokeo yamepinduka kwa sababu tumebadilisha swali.

Kuna watu wengi waliosimama katikati ya ncha hizi mbili: mama lishe anayefuata vyakula sokoni alfajiri, mwenye duka la jumla, fundi umeme mwenye vifaa vyake, mfugaji wa kuku anayepeleka trei za mayai. Hawa huambiwa wanunue pikapu kwa sababu wana mzigo, ilhali mzigo wao haufiki hata kilo 400. Nairobi na miji mingi ya Kenya walishapata jibu: Probox, gari la petroli la lita 1.3 au 1.5 lililoundwa kubeba kilo 400, likiwa na ulaji usio mbali na wa IST. Tanzania tuna kirikuu, yaani Suzuki Carry na ndugu zake wenye injini ya cc 660, ambao Japani huruhusiwa kilo 350 na kwetu hubeba zaidi ya inavyostahili. Ukiepuka kuizidishia, kirikuu hutembea kilomita 14 au 15 kwa lita na hufanya theluthi ya kazi ya Hilux kwa theluthi mbili ya mafuta kwa kila kilomita. Ukiwa na kilo 300 za kusambaza mjini kila siku, sioni sababu ya kuamsha tani mbili za chuma kwa ajili hiyo.

Mafuta hayaishii kwenye tangi. Injini ya dizeli ya kisasa hupuliza mafuta kwa mgandamizo unaoweza kufika baa 2,000 kupitia nozeli zenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji kidogo, uchafu kidogo, au dizeli iliyochanganywa, na nozeli zinaanza kuvuja. Gari linatoa moshi mweusi, na zile kilomita 10 kwa lita zinashuka hadi 7 bila mwenyewe kuelewa. Uchakachuaji ulifikia hali mbaya kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili isiwe faida tena kuyachanganya kwenye dizeli. Kenya ilifanya vivyo hivyo mwaka 2018 kwa kuyawekea tozo ya shilingi 18 kwa lita. Hatua hizo zilisaidia, ingawa ziliwaumiza maskini waliokuwa wakipikia na kuwashia taa kwa mafuta hayo. Mwenye dizeli bado anapaswa kumwaga maji kwenye chujio, kubadilisha filta kwa wakati na kuchagua sheli anayoiamini. Oili nayo inakwenda lita 7 hivi kwa Hilux, chini ya 4 kwa IST. Gari dogo la petroli husamehe uzembe mwingi ambao dizeli haiusamehe, na kwa mtu asiye na fundi mzuri karibu hili lina uzito wa fedha.

Petroli ina mlango mwingine ambao dizeli imefungiwa. Gari lenye plagi hufungwa mfumo wa gesi asilia bila kubadilishwa injini, na Dar es Salaam gesi ya Songo Songo imekuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 1,550 kwa kilo. Kilo moja ina nishati ya karibu lita moja na nusu ya petroli. IST iliyofungwa gesi inatembea kwa chini ya shilingi 100 kwa kilomita, theluthi moja ya pikapu yetu. Vituo ni vichache, foleni ni ndefu, mtungi unakula nafasi ya buti, na kufunga mfumo ni gharama kubwa. Kwa dereva wa teksi anayetembea kutwa gharama hiyo hurudi mapema. Kwa anayekwenda kazini na kurudi, huchukua muda. Ila pengo ni kubwa mno kuachwa nje ya hesabu yoyote ya mjini.

Na moshi una bei yake, ingawa hauandikwi kwenye risiti. Lita ya petroli hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ya ukaa, ya dizeli karibu 2.7. Kwa ulaji tuliotumia, IST inatoa gramu 177 kwa kilomita na Hilux karibu 270. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015, hatua njema sana, lakini pikapu yenye nozeli mbovu kwenye foleni ya Mbagala bado inawapulizia masizi watoto wanaotembea kwenda shule.

Linaloniuma zaidi ni pikapu za ofisi. Taasisi za umma, mashirika na makampuni huwa na Hilux za milango minne zinazozunguka mjini zikiwa na dereva na abiria mmoja, bodi tupu, kiyoyozi kimewashwa, injini ikinguruma nje ya ukumbi wa mkutano. Gari lilinunuliwa kwa sababu mara mbili kwa mwaka litakwenda wilayani. Kwa siku zilizobaki linafanya kazi ya Passo kwa mara moja na nusu ya mafuta ya Passo, na mlipaji ni mwananchi au mfadhili. Ofisi yenye magari matano ya namna hiyo ingebaki na mawili kwa ajili ya safari za vijijini na kununua madogo matatu ya mjini, na akiba ingeonekana kwenye mwaka wa kwanza wa fedha.

Kwa mtu binafsi, ushauri wangu ni huu. Usimsikilize dalali, na usiniamini hata mimi kwa tarakimu zangu. Pima gari lako. Jaza tangi mpaka juu, andika kilomita, tembea wiki nzima kama kawaida yako, jaza tena mpaka juu kwenye pampu ileile, kisha gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Pembeni andika ni siku ngapi ulibeba mzigo usioweza kuingia kwenye gari dogo, na ni siku ngapi ulipita njia ambayo gari dogo lingekwama. Fanya hivyo kwa miezi mitatu, msimu wa mvua ukiwemo. Ukikuta siku hizo ni moja au mbili kwa mwezi, nunua gari dogo la petroli na ukodi pikapu siku ya mzigo. Utalipa nauli na bado utabaki na fedha. Ukikuta ni siku tatu au nne kila wiki, nunua pikapu ya dizeli, ila usiiache irudi tupu kutoka sokoni.